Gari Hukaguliwa Tupu, Sisi Twalipanda Limejaa



Mwezi wa Agosti nilipanda basi la usiku hapa Mombasa, nikateremka Bungoma siku ya pili miguu imenivimba. Sikwenda kutembea. Mtoto wa dada yangu ni mwalimu, na kazi aliyoipata ni huko upande wa Cheptais, kwenye Mlima Elgon, karibu na mpaka wa Uganda. Tangu aende, mamake hajapata usingizi wa sawasawa. Kila jioni ni simu: umekula nini, baridi yako vipi, umejifunika? Lakini lililomliza dada yangu si baridi. Ni picha moja aliyotumiwa kwa simu. Binti yuko ndani ya gari dogo, amebanwa hadi shavu limegusa kioo, na nyuma yake ni vichwa juu ya vichwa. Yeye aliituma kwa mzaha. Mamake hakucheka. Aliniita akaniambia, "Kaka, nenda ukaone mwanangu asafiri vipi, kisha uje uniambie kweli. Usinifiche."

Nilikwenda, na nimerudi na mambo ambayo hayamhusu dada yangu peke yake. Ndiyo maana nayaandika hapa.

Kutoka Bungoma hadi Chwele nilipanda matatu ya abiria 14, yenye mstari wa manjano na jina la SACCO ubavuni. Tulibanwa kidogo lakini tulifika. Chwele, penye lile soko kubwa la vitunguu, viazi na mahindi, matatu za aina hiyo zilikuwa chache. Zilizojipanga kuelekea Cheptais zilikuwa Probox. Kila Mkenya alijua gari hili: dogo, gumu, halili mafuta mengi, na spea zake zapatikana kila mji. Liliundwa libebe watu 5 pamoja na dereva.

Niliwahesabu tulioingia. Kiti cha dereva walikaa wawili, dereva na kijana mmoja aliyejibana ubavuni mwake, mkono wake ukigusana na gia. Kiti cha kushoto, wawili. Kiti cha nyuma, wanne. Kwenye buti, wenye magunia yao, watatu. Jumla watu 11, na mtoto mchanga mgongoni kwa mamake. Nilipositasita mlangoni dereva alinishika mkono kwa upole: "Ingia, ustadh. Gari haijai." Watu wakacheka, nami nikaingia. Nilikuwa na haja ya kufika.

Njiani nilimuuliza dereva swali ambalo kwangu lilikuwa la kawaida tu: gari hili lilikaguliwa mara ya mwisho lini? Akanijibu bila kugeuka, wala hakuonekana kuona aibu: "Ukaguzi ni wa matatu, mzee. Hii ni gari ya nyumbani."

Sentensi hiyo nimeibeba hadi Mombasa. Kwenye karatasi, gari nililolipanda na watu 11 halikuwa gari la abiria. Ni la mtu binafsi, lake na jamaa zake. Kwa hivyo mitambo yote ya serikali ya kukagua magari ya abiria, na iko, ilipita kando yake kama mto unavyopita kando ya jiwe.

Sheria tunazo

Tusije tukasema Kenya haina sheria. Wenye umri wangu twaikumbuka Februari 2004, kanuni za marehemu John Michuki zilipoanza kutekelezwa. Alikuwa waziri wa uchukuzi katika serikali ya Rais Mwai Kibaki. Kila matatu ilitakiwa iwe na kidhibiti mwendo kisichopita kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama kwa kila abiria, mstari wa manjano, na sare kwa dereva na kondakta. Siku za kwanza matatu zilipotea barabarani na watu wakaenda kazini kwa miguu. Walilalamika, lakini walipozipanda tena walikuta kila mtu na kiti chake. Wakati ule ilikuwa jambo la ajabu kweli.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 2012 iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi Barabarani, tunayoiita NTSA, nayo ikakabidhiwa kazi ya kukagua magari. Kanuni za mwaka 2014 zikasema mwenye matatu asifanye kazi peke yake, bali awe ndani ya SACCO au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Nia ilikuwa nzuri. Mwenye gari moja ni vigumu kumdhibiti, ilhali chama chenye ofisi na mwenyekiti chaweza kuitwa na kuulizwa. Gari la abiria lapaswa kukaguliwa kila mwaka. Laenda kituoni, kwa mfano kule Miritini kwetu, lawekwa kwenye mashine ya kupima breki, latazamwa taa, tairi, usukani, springi na moshi. Likipita lapewa cheti, na bila cheti hicho mwenyewe hapati leseni ya kubeba abiria.

Na bado, kwa takwimu za NTSA yenyewe, barabara zetu ziliua watu 4,324 mwaka 2023, na 4,748 mwaka 2024. Kundi kubwa zaidi kati yao ni watembea kwa miguu. Si kila kifo kati ya hivyo kilitokana na gari bovu. Kuna mwendo wa kasi, usingizi, ulevi, na barabara zenyewe. Lakini hakuna mtu mwenye akili atakayesema hali ya gari haina sehemu yake.

Basi ikiwa sheria ziko, mashine ziko na vyeti viko, mbona mtoto wa dada yangu alisafiri vile?

Mtihani wa siku moja

Jibu la kwanza nilipewa Kitale. Nilirudi kwa njia hiyo, kupitia Kapsokwony na Kamukuywa. Pale steji nilikaa chai na dereva wa matatu ya abiria 14, mtu mzima, mwenye SACCO na karatasi zote. Alikuwa na uchungu. "Mimi nalipa ukaguzi, nalipa leseni ya barabara, nalipa SACCO, nanunua kidhibiti mwendo. Yule wa Probox halipi hata kimoja, na abiria ni wale wale. Sasa nani mjinga?"

Nilimuuliza kama ukaguzi wenyewe wasaidia. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia jambo ambalo wenye magari wa hapa kwetu pia wanalijua ila hawalisemi mbele za watu. Siku ya ukaguzi tairi nzuri hupatikana. Huazimwa. Gari huvishwa tairi nne za jirani, taa hufungwa, kidhibiti mwendo huunganishwa, likaenda likapita. Jioni tairi hurudi kwa mwenyewe. "Ni kama mtihani," alisema. "Unasoma usiku mmoja."

Huo ndio udhaifu wa ukaguzi wa mara moja kwa mwaka. Hauoni siku nyingine 364. Tairi jipya leo, kwa njia ya mawe na mzigo mzito, laweza kuwa kipara kabla ya mwaka kuisha. Breki zilizoshika Januari si lazima zishike Juni.

Lakini kuna udhaifu mwingine ambao sikuufikiria mpaka nilipokaa mwenyewe ndani ya lile gari. Mashine ya ukaguzi hupima gari tupu, mahali tambarare, na dereva mmoja ndani. Hakuna anayelipima likiwa na watu 11 na magunia likiteremka mlima. Sisi abiria gari tupu hatulijui. Tunalolipanda ni lililojaa.

Hebu tufanye hesabu ya dukani. Chukua mtu mmoja ana kilo 65 kwa wastani. Watu 5 ni kilo 325. Watu 11 ni kilo 715, na bado hujaweka magunia. Gari limebebeshwa zaidi ya maradufu ya watu lililoundiwa, na springi, tairi na breki zake ni zile zile. Breki hufanya kazi kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Dereva akiteremka mlima mrefu huku amekanyaga breki mfululizo, joto hupanda hadi vitambaa vya breki vikapoteza mshiko. Mafuta ya breki yaliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa huvuta unyevu, na unyevu ule ukichemka hufanya mapovu. Hapo dereva hukanyaga, pedali ikashuka hadi chini na gari lisipunguze mwendo. Fundi yeyote wa gereji atakueleza haya. Ndiyo maana madereva wa zamani wa lori hufunzwa kuteremka na gia ndogo ili injini isaidie kuzuia. Sasa mwambie dereva aliyegawana kiti na abiria aibadilishe gia upesi, na goti la mwenziwe liko pale pale penye gia.

Siku ya kuondoka nililiona kwa macho yangu, au niseme kwa pua yangu. Mimi na binti tuliteremka pamoja kutoka huko juu kwenye shule yao hadi Cheptais mjini, gari lilikuwa limejaa vile vile, na mvua ilikuwa imenyesha usiku. Katikati ya mteremko nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Binti alinitazama. Mama mmoja nyuma akauliza, "Ni nini hicho?" Dereva akasema, "Ni klachi, mama." Tulipofika chini alisimama, akachukua mtungi, akamwagia maji gurudumu la mbele, na mvuke ukapanda. Hiyo haikuwa klachi.

Nataka nikiri jambo. Nilijua ni breki, na sikusema. Mtu mzima, kofia kichwani, mwandishi wa makala, nimekaa na mtoto wa dada yangu ubavuni, nikanyamaza. Niliona haya kuwa mgeni mwenye maneno mengi. Nitalirudia hili hapa chini.

Kwa nini Probox haiendi kukaguliwa

Mtu wa mjini atasema dawa ni rahisi, zikamatwe zote. Nilipomwambia hivyo mwalimu mmoja mwenzake binti, mwenyeji wa huko, alinijibu kwa adabu lakini kwa ukali. Mama akishikwa na uchungu wa kuzaa saa sita za usiku, aliniuliza, ataitwa nani? Ataitwa mwenye Probox. Mgonjwa, maiti, mbolea, mtoto wa shule, wote ni kazi ya gari lile. Matatu kubwa haitaki kupanda njia zile. Mwenyewe aona atavunja springi kwa nauli ndogo. Ukiziondoa Probox leo bila ya kuweka kitu mahali pake, utawarudisha watu kwenye miguu na bodaboda.

Maneno yake ni ya haki. Na ndiyo yaonyeshayo mtego ulipo. Kanuni zetu ziliandikwa na mtu anayeitazama Nairobi, mahali penye magari 30 ya kuunda SACCO moja bila taabu, na kituo cha ukaguzi kisicho mbali. Vituo vya ukaguzi vya serikali havifiki hata idadi ya kaunti zetu 47. Mwenye Probox wa kijijini akitaka kufuata sheria atapoteza siku nzima au zaidi, na mafuta, na kazi ya siku hiyo, kisha akifika atajibiwa kuwa gari lake halifai kuwa la abiria. Kwa hivyo haendi. Hubaki na "gari ya nyumbani", na hulipia kosa lake barabarani kidogo kidogo. Tulipofika kwenye kizuizi siku ile ya kwanza, dereva alishuka, akazungumza, akarudi upesi, tukaendelea. Sikuona alichotoa, kwa hivyo sisemi alitoa. Nasema tu kwamba tulikuwa 11 kabla ya kizuizi, na tulikuwa 11 baada ya kizuizi.

Na kuna jambo la bima ambalo abiria wengi hawalijui. Bima ya gari la kibinafsi haikuandikwa kwa abiria wanaolipa nauli. Likipinduka, familia ya marehemu yaweza kwenda kwa mwenye bima ikaonyeshwa mlango. Mtu amelipa nauli, amekufa, na kwa kampuni ni kama hakuwa abiria.

Operesheni hupita

Kila likitokea janga kubwa, serikali huamka. Tarehe 10 Oktoba 2018, basi lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Kakamega lilianguka Fort Ternan, Kericho, na watu zaidi ya 50 wakafa. Maafisa wa polisi wakasema halikuwa na kibali cha kusafiri usiku. Mwezi uliofuata, Novemba 12, msako mkubwa wa matatu ulianza nchi nzima, kwa jina la kuzirudisha kanuni za Michuki. Vituo vilikuwa vitupu, watu wakatembea tena kwa miguu, wengine wakapongeza. Baada ya muda mambo yakarudi kama yalivyokuwa.

Sisi wa pwani tusidhani hayo ni ya wenzetu wa bara. Tarehe 24 Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia kwenye bonde la mto Nithi, watu zaidi ya 30 wakafa. Tarehe 30 Machi 2023, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani walikuwa njiani kwenda Eldoret kwenye michezo. Basi lao liligongana na matatu karibu na Naivasha, na watu wasiopungua 14 wakafariki. Wazazi wa Kilifi na Mombasa walikwenda kuchukua maiti bara. Watoto wetu wako kwenye barabara zile kila siku, kama walimu, askari, wanafunzi na wachuuzi.

Wala hatuhitaji kwenda bara. Panda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi, uone kona zile na mteremko ule. Nenda Kinango, nenda Ganze, nenda Bamba, uhesabu watu ndani ya gari dogo siku ya soko. Na wenye umri wangu hatujasahau Aprili 29, 1994. Nilikuwa mtoto wa shule asubuhi ile feri ya Mtongwe ilipozama na kuua watu 272. Chombo kiliruhusiwa watu 300, nacho kilikuwa kimebeba zaidi ya hapo. Mtaani kwetu kulikuwa na matanga nyumba hadi nyumba. Hakuna aliyehitaji kufunzwa maana ya kujaza chombo kupita kiasi. Ila tumeifunga ile hadithi kwenye bahari, kana kwamba gari halizami.

La kufanya

Serikali ilitoa rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi wa magari na kuwaita wananchi watoe maoni. Ndani yake mlikuwa na mambo mawili makubwa: magari ya kibinafsi yaliyopita umri wa miaka minne nayo yakaguliwe, na gereji za watu binafsi ziweze kupewa leseni ya kukagua. Wengi walilipinga hilo la kwanza kwa kusema ni kodi nyingine iliyovikwa kanzu. Nawaelewa. Lakini mimi nalitazama zaidi hilo la pili.

Uingereza ilianza ukaguzi wa lazima wa magari ya kawaida mwaka 1960, kwa magari ya umri wa miaka 10, kisha umri ukashushwa hadi miaka mitatu. Kazi hiyo hufanywa kwenye gereji za mitaani zilizoidhinishwa, kwa hivyo mtu hasafiri mbali. Kwa upande mwingine, majirani zetu Uganda, ambao Cheptais yawatazama ng'ambo ya mpaka, waliikabidhi kazi hiyo kampuni moja ya kigeni. Malalamiko kuhusu ada na kandarasi yakazidi, na mwaka 2017 Bunge likataka zoezi lisimamishwe. Funzo ni kwamba ukaguzi ukiwa karibu na kwa bei ya mtu wa kawaida, watu watauzoea. Ukionekana ni biashara ya wakubwa, watu watauasi, na katika kuuasi wataasi hata usalama wao.

Mimi ningependekeza haya, na kila mmoja aongeze lake.

Kwanza, serikali izikubali hizi gari ndogo kuwa ni gari za abiria vijijini. Zitungiwe daraja lake: abiria wasizidi viti, wenye magari waunde vyama vidogo visivyolazimishwa kufika magari 30, na bima iwe ya abiria. Huwezi kukagua kitu ambacho umeapa kuwa hakipo.

Pili, ukaguzi uje kwa watu. Siku za soko zajulikana. Gari la ukaguzi laweza kwenda Chwele, Cheptais na Kapsokwony kwa zamu, na hapa kwetu Kinango, Wundanyi na Hola. Gereji ya mjini yenye fundi anayejulikana yaweza kupewa kibali, kwa sharti kwamba gari alilolipitisha likianguka kwa breki, na yeye aulizwe.

Tatu, pawe na ukaguzi wa steji kila asubuhi kabla ya gari la kwanza kutoka. Huu hauhitaji mashine. Ni kutazama tairi, kukanyaga pedali, kuwasha taa, kutazama chini kama pana mafuta yanayovuja, kisha kuhesabu vichwa. Ni kazi ya dakika 5. SACCO zina wasimamizi wa steji wanaokusanya pesa kila gari likitoka. Anayeweza kukusanya pesa aweza pia kutazama tairi.

Nne ni sisi wenyewe. Hapa nairudia ile aibu yangu. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walifanya jaribio humu humu Kenya. Walibandika ndani ya matatu za masafa marefu vibandiko vya kuwahimiza abiria waseme wakiona dereva aendesha vibaya. Hawakubadilisha gari, dereva wala barabara. Kwenye matatu zile, madai ya bima yalipungua kwa nusu hadi thuluthi mbili. Ni vibandiko tu, na abiria kujua kwamba ana haki ya kufungua mdomo. Niliposoma matokeo yale zamani niliyasifu, hata nikawasimulia watu barazani. Siku yangu ilipofika, nikanusa breki zaungua na nikanyamaza.

Dereva yule wa Cheptais, alipomaliza kumwagia maji gurudumu, aliniona namtazama akaniambia, "Ajali haina kinga, ustadh." Msemo huo twautumia sana, na hata sisi Waislamu twaufunika kwa jina la kadari. Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfunza bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Breki ndiyo kamba ya ngamia. Kuna ajali zisizo na kinga, kweli. Ya breki iliyokwisha na watu 11 ndani ya gari la watu 5 haimo kati ya hizo.

Niliporudi Mombasa nilimwambia dada yangu kweli kama alivyotaka. Hakulia. Aliuliza tu, "Sasa mwanangu atafanyaje?" Binti na walimu wenzake watatu walikuwa tayari wamejibu. Wamepatana na dereva mmoja mwenye gari lenye tairi nzuri awabebe wao wanne peke yao Jumatatu na Ijumaa, kwa nauli maradufu. Wana mshahara, waweza. Yule mama mwenye mtoto mgongoni, aliyeuliza "Ni nini hicho?", hana nauli maradufu. Kesho asubuhi atakuwa kwenye buti la Probox, na hakuna aliyelikagua gari hilo.